Linka inagoma ninapojenga programu kwa iPhone halisi, ilhali kwenye simuleta inajengeka

duka_mkononi ameuliza:

Habari zenu wakuu. Naomba msaada katika jambo lililonikwamisha. Ninatengeneza programu ya iPhone ya kuandikia mauzo ya duka, na sehemu yake moja hutuma risiti kwenye printa ndogo ya Bluetooth. Kampuni inayouza printa hizo hutoa maktaba yake kama faili moja iitwayo libRisiti.a pamoja na folda ya faili za heda, nami nimeviingiza vyote katika mradi wangu wa Xcode (programu ya Apple ya kutengenezea programu). Nikichagua simuleta (iPhone ya kuigiza ndani ya Mac), programu inajengeka bila tatizo lolote na kurasa zote zinafunguka. Nikichomeka simu yangu na kuichagua kuwa ndiyo kifaa cha kujengea, kazi inakwenda hadi hatua ya mwisho kabisa, kisha natokewa na haya:

```
Undefined symbols for architecture arm64:
  "_OBJC_CLASS_$_RSTPrinter", referenced from:
      objc-class-ref in MauzoViewController.o
ld: symbol(s) not found for architecture arm64
clang: error: linker command failed with exit code 1
```

Nimesafisha mradi, nimefuta folda ya DerivedData, nimeifunga Xcode na kuifungua upya, na hali ni ile ile. Kinachonishangaza ni kwamba jina la RSTPrinter limo katika heda, tena kompaila (inayogeuza msimbo wangu kuwa wa mashine) hailalamiki hata kidogo. Sielewi inakuwaje jina lionekane kwa mmoja na lisionekane kwa mwingine. Siwezi kuendelea na simuleta peke yake kwa sababu simuleta haina Bluetooth, kwa hiyo sehemu nzima ya printa bado haijapata kujaribiwa. Mimi natumia Mac ya zamani yenye prosesa ya Intel, na mwenzangu katika mradi huu ana Mac ya M1 (prosesa ya Apple yenyewe).

---

FundiWaViunzi amejibu:

Ndugu duka_mkononi, kosa hilo lisome kwa kuanzia juu na usijali mstari wa mwisho. Mstari unaotaja exit code 1 hauna habari yoyote ya maana. Ni clang (kompaila yenyewe) inayoarifu tu kwamba kazi iliyoikabidhi kwa linka, yaani kiunganishi cha msimbo wako na maktaba, imeshindikana. Habari yenyewe iko katika mistari mitatu ya mwanzo, nayo inakutajia kinachotafutwa, anayekitafuta, na aina ya prosesa ambayo kinatafutiwa. Kinachotafutwa ni klasi ya RSTPrinter. Kile kiambishi cha `_OBJC_CLASS_$_` ndivyo kompaila inavyoyaandika majina ya klasi za Objective-C ndani ya faili za msimbo wa mashine. Anayekitafuta ni MauzoViewController.o, yaani faili yako mwenyewe baada ya kupita kwenye kompaila. Prosesa ni arm64, ambayo ni ya simu.

Kuhusu heda, ile ni tangazo tu. Inaiarifu kompaila kwamba mahali fulani ipo klasi yenye jina hili na mbinu hizi, nayo kompaila inaliamini tangazo hilo, inaandika msimbo wako na kuacha pengo pale klasi inapotajwa. Kulijaza pengo hilo ni kazi ya linka, na linka haisomi heda kamwe; inafungua maktaba na kutafuta msimbo wa mashine ambao umekwisha kutengenezwa. Ndiyo maana kompaila inaweza kuridhika na linka ikakataa, na zote mbili zikawa sahihi. Kufuta DerivedData kunasaidia pale ambapo mabaki ya ujenzi wa zamani yamechanganyika na mapya, lakini hakuwezi kuleta msimbo ambao haumo katika maktaba. Sijui ni kwa nini ushauri huo ndio wa kwanza kutolewa kila mahali.

Kabla ya kugusa mpangilio wowote wa mradi, iulize maktaba yenyewe ina nini ndani. Fungua Terminal, ingia kwenye folda yake, kisha andika:

```
lipo -info libRisiti.a
nm -g libRisiti.a | grep RSTPrinter
```

Amri ya kwanza itakutajia prosesa ambazo maktaba ilitengenezewa. Ya pili itaonyesha kama jina hilo limo. Ukiona herufi S kabla ya jina, klasi imefafanuliwa humo humo; ukiona U peke yake, maktaba nayo inalitafuta jina hilo kwingine. Aidha, rudi kwenye ripoti kamili ya ujenzi, usitazame ile orodha ya makosa mekundu peke yake, uone kama juu ya kosa hili kuna onyo la njano linaloitaja libRisiti.a. Watu wengi huliruka onyo hilo kwa sababu ni la njano, ilhali sababu ya makosa mekundu yote yaliyo chini yake ni hilo.

---

kobe_mwendo amejibu:

Mkuu, usihangaike sana. Nenda Build Settings, tafuta Excluded Architectures, andika arm64, kisha jenga upya. Nilipopata kosa linaloitaja arm64 nilifanya hivyo na likaondoka.

---

sitini_na_nne amejibu:

Naomba nitofautiane na ndugu kobe_mwendo, kwa sababu ushauri huo umeenea sana na una mahali pake, ila mahali penyewe si hapa. Prosesa ya simu ni arm64, yaani ya biti 64. Simu ya kwanza ya Apple kuwa nayo ilikuwa iPhone 5s ya mwaka 2013, na tangu iOS 11 ilipotoka mwaka 2017 mfumo haufungui tena programu za biti 32. Kwa hiyo ukiiambia Xcode iiache arm64 bila kuweka sharti lolote, kisha ukajenga kwa ajili ya simu, hakuna prosesa inayobakia ya kujengea, na utapata kosa jingine linalosema hivyo hivyo.

Ushauri huo ulizaliwa na tatizo la upande wa pili. Mwishoni mwa mwaka 2020 Apple ilitoa Mac za M1, na kwenye Mac hizo simuleta nayo ikawa inaendesha msimbo wa arm64. Maktaba nyingi za wakati huo zilikuwa na x86_64 (prosesa ya Mac za Intel) kwa ajili ya simuleta na arm64 kwa ajili ya simu, basi. Mwenye M1 alipojenga kwa simuleta, linka ilikuta arm64 ya simu na kuikataa. Watu wakaamua kuiondoa arm64 upande wa simuleta tu ili programu iendeshwe kama x86_64 kwa kupitia Rosetta (kitafsiri cha Apple cha msimbo wa Intel). Anayekusudia hilo anapaswa kuliandika pamoja na sharti lake:

```
EXCLUDED_ARCHS[sdk=iphonesimulator*] = arm64
```

Hata likiandikwa vizuri namna hiyo bado ni kiraka, kwa maana linaulazimisha mradi mzima, pamoja na kila maktaba iliyomo, kubaki na x86_64 kwenye simuleta. Tatizo la muuliza swali ni kinyume cha hilo, kwani simuleta yake inafanya kazi na simu ndiyo inayokataa.

Niwakumbushe pia wanaotengeneza programu za Android, maana najua wengi wetu hapa tunafanya zote mbili, kwamba jambo hili hili huko hujificha zaidi. Maktaba ya .so inayokuja ikiwa tayari imetengenezwa hupakiwa wakati programu inaendeshwa, kwa hiyo ujenzi unaweza kukamilika salama, programu ikafanya kazi kwenye emuleta ya x86_64, kisha ikaanguka kwenye simu na kosa la UnsatisfiedLinkError kwa sababu tu ndani ya jniLibs (folda ya maktaba hizo) hakuna folda ya arm64-v8a. Linka ya iPhone angalau inakwambia mapema.

---

duka_mkononi ameandika:

Nawashukuru nyote. Nimeziendesha zile amri mbili. Ya kwanza imejibu:

```
Non-fat file: libRisiti.a is architecture: x86_64
```

Ya pili inaonyesha RSTPrinter likiwa na herufi S. Onyo la njano nalo nimelipata katika ripoti: linka inasema imeipuuza libRisiti.a kwa sababu yenyewe inajengea iOS ya arm64, ilhali faili hiyo imetengenezwa kwa ajili ya simuleta ya x86_64. Kwa hiyo jina limo, ila limo katika msimbo usioweza kutumika kwenye simu.

Nimewaandikia wenye printa, nao wamenitumia toleo jipya lenye folda mbili, iphoneos na iphonesimulator, kila moja ikiwa na libRisiti.a yake. Nimeziuliza zote kwa lipo: ya iphoneos ni arm64, na ya iphonesimulator ina x86_64 na arm64 pamoja. Nikaona niziunganishe kwa `lipo -create` ili nibaki na faili moja kama mwanzo, ikanikatalia kwa maneno haya:

```
have the same architectures (arm64) and can't be in the same fat output file
```

Hapo nimepotea tena. Kama zote mbili ni arm64, tofauti yake ni nini? Na kama hakuna tofauti, si niichukue moja tu?

---

BiNahodha amejibu:

Tofauti ipo, kaka, ila lipo haikuonyeshi. Kila faili ya msimbo wa mashine hubeba, zaidi ya aina ya prosesa, taarifa ya jukwaa ambalo ilitengenezewa. Msimbo wa arm64 wa simu na ule wa arm64 wa simuleta hutumia maagizo yale yale ya prosesa, lakini mmoja umejengwa juu ya mfumo wa simu na mwingine juu ya mfumo wa Mac unaojifanya simu, na linka hairuhusu vichanganywe. Ukitaka kuiona taarifa hiyo kwa macho yako, andika:

```
otool -l iphoneos/libRisiti.a | grep -A 3 LC_BUILD_VERSION
```

Mstari wa platform ukiwa na namba 2, hiyo ni iOS ya simu; ukiwa na namba 7, hiyo ni simuleta. Maktaba zilizolenga matoleo ya iOS ya kabla ya 12 huenda zisiwe na LC_BUILD_VERSION bali LC_VERSION_MIN_IPHONEOS, lakini hilo lisikusumbue, kwa sababu simuleta ya arm64 ilikuja baadaye na daima huwa na ile ya kwanza.

Sasa kuhusu lipo. Faili inayotengenezwa na `lipo -create` ni kama kabati lenye vyumba, na juu ya kila chumba kumeandikwa jina la prosesa peke yake. Zamani hilo lilitosha, kwa sababu simuleta ilikuwa x86_64 na simu ilikuwa arm64, hivyo kila mmoja alikuwa na chumba chake. Sasa kuna vitu viwili vyenye jina moja na chumba ni kimoja. Wapo wanaoiondoa kwanza arm64 ya simuleta ili kabati lifungike, na kwenye Mac yako ya Intel hutaona ubaya wowote, lakini mwenzako wa M1 atakwama siku hiyo hiyo.

Njia iliyo sawa ni XCFramework, ambayo ilikuja na Xcode 11 mwaka 2019. Hiyo ni folda inayoziweka maktaba za majukwaa mbalimbali kila moja mahali pake, pamoja na faili ya Info.plist inayoieleza Xcode ni ipi ya kuchukua kwa ujenzi upi. Unaitengeneza hivi:

```
xcodebuild -create-xcframework \
  -library iphoneos/libRisiti.a -headers heda \
  -library iphonesimulator/libRisiti.a -headers heda \
  -output Risiti.xcframework
```

Ile ya simuleta iache na prosesa zake mbili katika faili moja, usizitenganishe. Inatakiwa maktaba moja kwa kila jukwaa, na humo ndani lipo bado ina kazi yake halali, kwa kuwa x86_64 na arm64 za simuleta ni za jukwaa moja.

Ukimaliza, tafadhali uondoe athari za maktaba ya zamani kabla ya kuweka mpya. Itoe libRisiti.a katika Link Binary With Libraries, kisha ufungue Library Search Paths na kufuta njia inayoelekea kwenye folda yake. Hatua hii ya pili ndiyo inayosahaulika. Linka hupita kwenye njia hizo kwa mfuatano na kuchukua faili ya kwanza yenye jina inalolitaka, kwa hiyo ukiiacha libRisiti.a ya zamani kwenye njia iliyotangulia, unaweza kuwa umeweka maktaba sahihi kabisa na bado ukaendelea kupata kosa la jana. Halafu, kwa kuwa maktaba yako ni ya aina ya .a, msimbo wake unaingizwa moja kwa moja ndani ya programu. Katika ukurasa wa General acha chaguo la Do Not Embed. Embed & Sign ni kwa fremuweki zinazopakiwa wakati programu inaendeshwa, na hizo ukisahau kuziweka hivyo, ujenzi utapita lakini programu itakufa inapofunguliwa, kwa ujumbe wa dyld (kipakiaji cha maktaba cha mfumo) kwamba maktaba haikupakiwa.

---

duka_mkononi ameandika:

Dada BiNahodha, ahsante. XCFramework imekubali, na RSTPrinter haitajwi tena. Hata hivyo, yametokea majina mengine ambayo mimi sijayaandika popote, na safari hii simuleta nayo inayakataa sawasawa na simu:

```
"_inflate", referenced from: ... in libRisiti.a(RSTImage.o)
"operator delete(void*)", referenced from: ... in libRisiti.a(RSTEncoder.o)
"_OBJC_CLASS_$_EASession", referenced from: ... in libRisiti.a(RSTSession.o)
```

Je, maktaba mpya ina kasoro?

---

FundiWaViunzi amejibu:

Haina kasoro, na hayo ni maendeleo. Kosa linapoonekana kwenye simu na kwenye simuleta kwa pamoja, suala la prosesa na jukwaa limekwisha, na sasa tunazungumzia kitu ambacho hakijaunganishwa kabisa. Tazama tena anayetafuta: mwanzoni alikuwa MauzoViewController.o, sasa ni faili zilizo ndani ya libRisiti.a yenyewe. Maktaba ya .a ni mkusanyiko wa faili za .o zilizofungwa pamoja, basi. Haiji na maktaba nyingine inazozitegemea. Aliyeitengeneza alitumia vitu vya mfumo, na wewe ndiye unayepaswa kuvikaribisha katika programu yako.

Majina yenyewe yanajieleza ukishayazoea. `_inflate` ni ya zlib (maktaba ya kubana na kufungua data), kwa hiyo ongeza libz.tbd, bila shaka wanaitumia kufungua picha za nembo zinazochapwa juu ya risiti. `operator delete` na kitu chochote kinachoanza na `std::__1` ni dalili kwamba ndani kuna C++, nayo inahitaji libc++.tbd. `EASession` ni klasi ya ExternalAccessory, fremuweki ya mfumo inayozungumza na vifaa vya nje. Zote tatu unaziongeza katika Link Binary With Libraries kwa alama ya kujumlisha. Ungeona `_sqlite3_open`, ungeongeza libsqlite3.tbd kwa mtindo huo huo.

Unaweza kujiuliza ni kwa nini CoreBluetooth haikulalamikiwa ingawa hukuiongeza kwa mkono. Ni kwa sababu msimbo wako mwenyewe unaiita fremuweki hiyo kwa import, na kompaila huweka ndani ya faili ya .o maelekezo ya kuiunganisha. Libz na libc++ hazina bahati hiyo katika mradi kama wako. Maelezo yaliyokuja na maktaba yalipaswa kuzitaja, lakini mara nyingi hayazitaji, au huzitaja katika ukurasa ambao hakuna anayeufungua.

---

kalamu_ya_chuma ameandika:

Samahani kwa kuingilia, ila kosa langu linafanana na hili na nisingependa kufungua mada nyingine. Sina maktaba ya mtu yeyote. Nina faili yangu kodi.cpp yenye kazi ya `double hesabu_kodi(double)`, ninaiita kutoka katika faili ya Objective-C yenye kiambishi cha .m, na linka inasema `_hesabu_kodi` haipo, iwe kwa simu au kwa simuleta. Nimehakikisha kodi.cpp imo katika Compile Sources.

---

sitini_na_nne amejibu:

Ndugu kalamu_ya_chuma, endesha `nm` kwenye kodi.o na hutaikuta `_hesabu_kodi`. Utaikuta `__Z11hesabu_kodid`. C++ inaruhusu kazi nyingi zenye jina moja na vigezo tofauti, kwa hiyo kompaila yake huyafumba majina kwa kuongeza urefu wa jina na aina za vigezo: 11 ni idadi ya herufi za hesabu_kodi pamoja na ule mstari wa chini, na d ya mwisho ni double. Faili yako ya .m haijui chochote kuhusu C++, inatafuta jina la mtindo wa C, na kwa hiyo pande mbili hazikutani. Ukikutana na jina refu la namna hiyo usilifumbue kwa macho. Lipitishe kwenye amri ya `c++filt` nayo itakurudishia lilivyoandikwa.

Tiba ni kuifunga heda yako namna hii, ili C++ iache jina kama lilivyo:

```
#ifdef __cplusplus
extern "C" {
#endif
double hesabu_kodi(double kiasi);
#ifdef __cplusplus
}
#endif
```

Hakikisha kodi.cpp yenyewe inaiita heda hiyo kwa include, la sivyo kompaila haitajua kwamba umeomba jina la mtindo wa C. Kubadilisha .m iwe .mm kunafaa pia, lakini kama kazi hiyo inaitwa kutoka faili nyingi, ni afadhali ubadilishe heda moja.

---

duka_mkononi ameandika:

Ujenzi umekamilika kwa simu na kwa simuleta, na mwenzangu wa M1 amepata matokeo hayo hayo. Programu inafunguka, inaiona printa, inaungana nayo. Ninapobonyeza kitufe cha kuchapa, inaanguka kwa ujumbe huu:

```
-[__NSCFString rst_printerData]: unrecognized selector sent to instance
```

Mbinu hiyo ipo katika heda yao iitwayo NSString+RST.h. Linka haikusema lolote.

---

BiNahodha amejibu:

Hilo bado ni suala la linka, ingawa limejitokeza baada ya kazi yake kwisha. NSString+RST ni kategoria, yaani mbinu za ziada zilizobandikwa juu ya klasi ambayo tayari ni ya mfumo. Linka inapoifungua maktaba ya .a haichukui kila kitu. Huchukua tu zile faili za .o zinazojaza pengo la jina fulani linalotafutwa. Kategoria haileti jina jipya la klasi, na mbinu za Objective-C hutafutwa wakati programu inaendeshwa, si wakati wa kuunganisha. Kwa hiyo hakuna pengo lililoiita NSString+RST.o, faili ikaachwa nje, na hakuna aliyekosa kitu hadi ulipobonyeza kitufe.

Nenda kwenye Other Linker Flags uongeze `-ObjC`, ukizingatia herufi kubwa na ndogo. Inaiamuru linka iingize kila faili ya maktaba yenye klasi au kategoria ya Objective-C, iwe imetafutwa au haikutafutwa. Programu itaongezeka ukubwa kidogo. Kama hutaki amri hiyo iguse maktaba zako zote, ipo `-force_load` inayofuatiwa na njia ya faili moja, lakini kwa XCFramework njia hiyo inatofautiana kati ya simu na simuleta, hivyo itakusumbua zaidi ya inavyokusaidia.

---

duka_mkononi ameandika:

Nimeongeza `-ObjC`, na linka imerudi na kosa la aina nyingine:

```
duplicate symbol '_OBJC_CLASS_$_Reachability' in:
    Reachability.o
    libRisiti.a(Reachability.o)
```

Reachability ninayo mimi, niliichukua kutoka kwenye mifano ya Apple ili kujua kama simu ina mtandao.

---

FundiWaViunzi amejibu:

Na wao waliichukua huko huko, kama walivyofanya watengenezaji wengi wa maktaba. Hapo awali jina hilo lilikuwa limekwisha kujazwa na faili yako, kwa hiyo linka haikuwa na haja ya kuitoa ya kwao. `-ObjC` sasa inazileta zote mbili. Usiiondoe `-ObjC`. Ya kwao huwezi kuihariri, kwa hiyo shughulika na ya kwako: badilisha jina la klasi yako liwe na kiambishi chako, kwa mfano DMReachability, kwa kutumia Refactor ya Xcode ili kila inapotajwa pabadilike. Usiifute yako ukategemea yao, maana hujui waliibadilisha kiasi gani, na toleo lao lijalo linaweza kuja bila klasi hiyo.

Ukibadilisha, angalia pia kama faili yako ina vitu vya nje ya klasi, hasa `kReachabilityChangedNotification`, ambayo katika mfano ule imetangazwa kama jina la wazi. Linka italilalamikia hilo baada ya klasi kupita, nalo linahitaji kubadilishwa vivyo hivyo.

---

duka_mkononi ameandika:

Ni kweli, lilifuata hilo hilo la `kReachabilityChangedNotification`, nami nimelibadilisha. Risiti zinatoka, na herufi zimekaa sawa. Mwenzangu anaiweka Risiti.xcframework kwenye hazina ya mradi na kuifuta ile libRisiti.a ya zamani ili isirudi tena kwa njia ya nyuma.